Ndege wa prairi ya Iowa: uende lini, usimame wapi, usikilize nini

Swali la msomaji: Ninaishi Des Moines, jimbo la Iowa huku Marekani, lakini nimekulia Mwanza, na tangu ujana nilizoea kutazama ndege Serengeti. Mwezi wa Agosti nilikwenda na wanangu wawili katika Hifadhi ya Taifa ya Wanyamapori ya Neal Smith, karibu na mji wa Prairie City, kwa kuwa vitabu vinaisifu kwa ndege wa nyasi. Tulifika mchana, tukatembea kwa muda wa saa tatu, tukaona baisani (nyati wa Amerika), ndege wadogo wa manjano, na vingine vya kahawia vilivyoruka hatua chache na kuzama tena nyasini. Nilikosea wapi? Niende lini, na hao wa kahawia nitawatambuaje? Tena, watoto waliokota manyoya wakitaka kwenda nayo nyumbani, wakakatazwa. Kuna sababu gani?

Jibu: Dada, mahali ulipochagua ni pazuri, na darubini yako haina lawama. Kilichokukosesha ndege ni mwezi, na baada ya mwezi ni saa. Ndege wengi wanaoifanya prairi ya Iowa, yaani mbuga yake ya nyasi, isifiwe vitabuni huimba kuanzia mwanzoni mwa Mei hadi katikati ya Julai, na mwimbaji ndiye anayeonekana, kwa sababu dume anayelinda eneo lake hupanda kwenye bua lililo refu kuliko mengine na kukaa hapo waziwazi. Ikifika Agosti makinda wameshatoka viotani, madume hawana tena haja ya kujitangaza, manyoya yao yanabadilika, na wote wanatafuta wadudu na mbegu chini kabisa, ndani ya nyasi zinazompita mtu kimo.

Hata hao wa manjano uliowaona wanathibitisha jambo hilo. Bila shaka walikuwa chiriku wa dhahabu wa Amerika (Spinus tristis), ambaye tangu mwaka 1933 ndiye ndege rasmi wa jimbo la Iowa. Chiriku huyu huchelewa kuzaa kuliko karibu jirani zake wote, kwa kuwa hungoja mibaruti na mimea ya jamii yake ikomae ndipo apate sufi ya kutandika kiotani na mbegu za kulisha makinda. Kwa hiyo katikati ya Agosti, wakati wengine wamenyamaza, yeye ndiyo kwanza yuko kazini.

Mtu aliyejifunzia Serengeti ana uzoefu mkubwa, ila tabia moja ya huko inaweza kumponza huku. Katika mbuga za nyasi fupi tunazunguka na gari tukichungulia mbali, na jicho linafanya kazi yote: mbuni, tandawala na korongo wanaonekana tangu wakiwa vidoa tu kwenye upeo wa macho. Katika prairi ya nyasi ndefu utaratibu unageuka. Kwanza unasoma nyasi zenyewe, kwa sababu kila aina ya ndege ina urefu na msongamano wake wa nyasi unaoutaka, pili unasikiliza, na darubini unainua mwisho, ukiwa umeshajua nani yuko wapi. Mtu anayeanza na darubini huishia na orodha ya vindege vya kahawia visivyo na majina, kama ilivyokutokea.

Ili nyasi hizo zisomeke, ni vyema kujua zilifikaje hapo. Sehemu kubwa ya Iowa ilikuwa prairi kabla ya jembe la chuma la karne ya 19, na leo kilichobaki cha asili hakifiki hata asilimia moja ya eneo lile. Kimebaki vipande vidogo kandokando ya reli, makaburini na kwenye miteremko isiyolimika. Ardhi ya Neal Smith haikuwa kipande cha namna hiyo. Ilikuwa mashamba ya mahindi na soya, na sehemu yake kubwa ilikuwa imenunuliwa na kampuni iliyokusudia kujenga mtambo wa umeme wa nyuklia, mpango ambao baadaye uliachwa. Mwaka 1990 Bunge la Marekani liliidhinisha hifadhi ianzishwe, na tangu hapo wahifadhi pamoja na watu wa kujitolea wamekuwa wakikusanya mbegu kutoka kwenye vile vipande vya asili na kuzipanda upya, shamba baada ya shamba. Unachokiona, basi, ni prairi iliyooteshwa na watu. Ndege hawajali asili ya mbegu alimradi mpangilio wa nyasi unawafaa, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kutia moyo kuliko yote katika hifadhi ile.

Mpangilio huo unatengenezwa na moto na midomo ya wanyama. Wahifadhi huchoma vipande kwa zamu, na baisani waliorudishwa katika miaka ya 1990 hula zaidi pale palipochomwa karibuni, kwa kuwa majani mapya ni laini. Matokeo yake ni viraka: hapa nyasi fupi zenye udongo unaoonekana kati ya mashina, pale nyasi za miaka mitatu bila moto zenye tabaka nene la majani makavu chini, na kwingine maua marefu yaliyochanganyika na nyasi. Ukiwa barabarani, kabla hujamtafuta ndege yeyote, tazama chini ya nyasi. Ukiona ardhi tupu, mtarajie shomoro-panzi (Ammodramus savannarum). Ukiona majani makavu mengi yaliyolala tabaka juu ya tabaka, uko nyumbani kwa shomoro wa Henslow (Centronyx henslowii), ambaye hukimbia kabisa eneo lililochomwa mwaka uleule na kurudi mabaki yanapojikusanya tena. Ndiyo maana kwenda mahali palepale ulipoelekezwa na rafiki aliyekwenda mwaka uliopita hakusaidii sana. Kiraka kimeshabadilika, na ndege wamehama nacho.

Sasa niwataje hao ndege, nikianza na walio rahisi. Dikisiseli (Spiza americana) ndiye atakayekukaribisha mwezi wa Juni, hata ukiwa bado ndani ya gari. Dume ana kifua cha manjano chenye kidani cheusi na mabega ya rangi ya kutu, na huimba kwa sauti kavu ya kukatika-katika kutoka juu ya nguzo au mmea mrefu, tangu alfajiri hadi jua kali la mchana wakati wengine wamekata tamaa. Miaka mingine huja wengi mno, miaka mingine wachache, kwa kufuata mvua na hali ya nyasi upande wa kusini zaidi. Majira ya baridi huenda tambarare za Venezuela, ambako hukusanyika makundi makubwa ajabu na kushambulia mashamba ya mpunga na mtama, na wakulima wa huko wamekuwa wakiwaua kwa sumu. Mtu wa Kanda ya Ziwa anayejua kelele za kwelea kwelea hahitaji kuelezwa zaidi kuhusu uhasama huo. Tofauti ni kwamba ndege yuleyule anayelaaniwa kule huku anahesabiwa kuwa hazina.

Boboliniki (Dolichonyx oryzivorus) atakukumbusha nyumbani kwa namna nyingine. Unawajua wale ndege wa jenasi Euplectes ambao wakati wa mvua madume huwa meusi na mekundu au meusi na manjano, wakirukaruka juu ya nyasi, na mvua zikiisha wanavaa rangi ya jike na kupotea machoni. Boboliniki hana undugu wa karibu nao, lakini maisha yake yanafanana na yao. Mwezi wa Mei dume ni mweusi tumboni, mweupe mgongoni, na kisogo chake kina rangi ya malai. Huruka chini chini juu ya nyasi akimwaga wimbo wa haraka wenye milio ya kama vipande vya chuma vinavyogongana. Kufikia Agosti anakuwa wa kahawia yenye michirizi kama jike, na inawezekana kabisa kwamba baadhi ya vile vitu vya kahawia ulivyovidharau vilikuwa yeye, akijinenepesha kwa safari. Husafiri hadi nyasi za Bolivia, Paraguay na Argentina, na kwenda na kurudi ni takriban kilomita 20,000 kila mwaka.

Kisha kuna midolaki, na hapa nakuomba usimame kidogo. Katika nyasi za Afrika Mashariki yuko ndege mwenye kifua cha manjano kilichokolea, mkufu mweusi shingoni, mgongo wa kahawia wenye michirizi na weupe pembeni mwa mkia, Macronyx croceus, ambaye nina hakika umemwona akiimba juu ya kichaka kidogo. Ukimwona midolaki wa Iowa kwa mara ya kwanza utaapa kwamba ni huyohuyo. Sivyo: mmoja ni wa familia ya viluwiluji (Motacillidae) na mwingine ni wa familia ya Icteridae, ambayo haipo kabisa Afrika, na mababu zao waliachana zamani sana. Maisha ya aina moja katika nyasi za mabara mawili yamewapa vazi moja. Nadhani hakuna mfano mzuri kuliko huu wa kumwonyesha mtoto jinsi mazingira yanavyoumba viumbe, na wewe una bahati ya kuwajua wote wawili.

Midolaki wenyewe wako wa aina mbili Iowa, wa mashariki (Sturnella magna) na wa magharibi (Sturnella neglecta), na kuwatenganisha kwa macho ni kujisumbua hata kwa wataalamu. Wa mashariki hupiga mluzi mwembamba wa sauti chache zinazoteremka. Wa magharibi ana wimbo mnene wa kugugumia kama filimbi iliyoingia maji. Wanaanza kuimba mapema kuliko wengine, tangu Machi na Aprili, wakati nyasi za mwaka uliopita bado zimelala.

Tukija kwa wale wa kahawia, wengi wao ni shomoro, nami nashauri ujifunze wawili tu kwa mwaka wa kwanza. Shomoro-panzi ana kichwa bapa, kifua kisicho na michirizi na rangi ya vumbi la njano, na wimbo wake ni mlio mwembamba wa kukereza ambao watu wengi hupita wakidhani ni mdudu. Shomoro wa Henslow ana kichwa chenye rangi ya kijani cha zeituni, mabawa ya rangi ya kutu na michirizi myembamba kifuani, na wimbo wake ni kama kwikwi, silabi mbili fupi, zinazorudiwa kila sekunde chache, pengine hata usiku. Ni wimbo dhaifu kuliko yote niijuayo, na uko juu kiasi kwamba mtu aliyepungukiwa na usikivu kwa umri anaweza kusimama karibu nao asisikie kitu. Hapo masikio ya wanao yatakufaa kuliko yako na yangu. Ukishaisikia, usiingie nyasini. Baki njiani, tafuta bua linalotikisika bila upepo, na umngoje apande. Dume hurudi kwenye bua lake tena na tena.

Shomoro wengine watakuja wenyewe. Mwenye mdomo wa waridi na mlio unaoanza polepole kisha ukaharakisha kama mpira unaodundadunda na kutulia ni Spizella pusilla, anayependa nyasi zilizo karibu na vichaka. Mwenye michirizi mizito inayokutana kuwa doa katikati ya kifua ni Melospiza melodia, ambaye utampata pia kwenye bustani za Des Moines.

Ikiwa nafasi yako ni Agosti tu kwa sababu ya likizo za shule, hujapoteza kila kitu. Kuna ndege mdogo sana wa nyasi zenye unyevu, Cistothorus stellaris, mwenye mkia anaousimamisha wima na wimbo wa kutatarika, ambaye ana tabia ya ajabu: huzaa mahali pamoja mwanzoni mwa kiangazi, kisha wengi wao huhama na kuanza tena kuimba na kujenga mahali pengine mwezi wa Julai na Agosti. Mtafute kwenye mabonde yaliyo karibu na kijito cha Walnut, mapema asubuhi. Yeye na chiriku ndio Agosti yako.

Lakini ukiweza, nenda katika juma la kwanza au la pili la Juni. Jua huchomoza Des Moines karibu na saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, mapema kuliko ulivyozoea karibu na ikweta, na nyimbo hupungua sana baada ya saa tatu asubuhi. Safari ni ya kilomita thelathini na ushei kwa barabara namba 163, kwa hiyo hakuna budi kuondoka kukiwa giza. Chagua siku isiyo na upepo, hata ikiwa na mawingu. Upepo ni adui mkubwa wa mtazamaji wa ndege wa nyasi kuliko manyunyu, kwa kuwa ndege hushuka chini na sauti zao huzama katika mvumo wa majani. Kiingilio hakuna. Anza kwa miguu kwenye Tallgrass Trail, inayoanzia jirani na kituo cha wageni, ukisimama dakika kumi kila penye badiliko la nyasi, na usione haya kutembea kidogo mno. Jua likishapanda, ingia ndani ya gari uzunguke kwenye uzio wa baisani na elki (kulungu wakubwa wa Amerika), ambako hairuhusiwi kushuka, jambo ambalo mtu wa Serengeti halimpi taabu. Zima injini, teremsha kioo, na gari linakuwa kificho kizuri. Dikisiseli watakaa karibu nawe kuliko wangekukubalia kwa miguu. Sehemu ya mialoni, Savanna Trail, iache mwisho: humo kuna kivuli, na kuna kigogota mwenye kichwa chekundu kizima (Melanerpes erythrocephalus), ambaye hata mtoto aliyechoka humfurahia.

Kuhusu vifaa sina mengi. Darubini inayokuza mara nane na yenye lenzi za milimita 42 inatosha; inayokuza zaidi hutetemeka mkononi na kupunguza upana wa unachokiona, nawe katika nyasi unahitaji upana. Programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell hutambua sauti za ndege bila malipo na ni msaada wa kweli, ila simu husumbuliwa na upepo na inaweza kuukosa ule wimbo wa kwikwi, kwa hiyo ichukue kama shahidi mmoja kati ya kadhaa. Usiitumie kucheza nyimbo ili kuwaita madume. Dume anayedanganywa huacha kazi ya kulinda kiotani, na viota vyenyewe viko chini, palipojaa nyoka na rakuni. Vaeni suruali ndefu zilizochomekwa ndani ya soksi, na mkirudi nyumbani wakague watoto mwili mzima, kwa sababu Iowa kuna kupe wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme.

Naomba pia usiiache hifadhi hiyo majira ya baridi, ingawa najua theluji inavyomvunja moyo mtu wa Ziwa Victoria. Kati ya Novemba na Machi, saa moja kabla ya jua kuzama, Circus hudsonius, mbuai mwenye mabawa marefu na kiuno cheupe, hupita chini juu ya nyasi akisikiliza panya. Ndugu zake wawili, Circus pygargus na Circus macrourus, unawafahamu bila shaka, kwani miezi hiyohiyo huja Serengeti kutoka Ulaya na Asia na kuwinda kwa mtindo huohuo. Mwanga ukififia anaweza kupokezana zamu na bundi mwenye masikio mafupi (Asio flammeus), anayeruka kwa kuyumbayumba kama nondo. Bundi hawa hawaji kwa idadi moja kila mwaka, maana hufuata wingi wa panya.

Watu wengi kutoka kwetu huuliza pia kama mbayuwayu wanaojenga chini ya vipaa vya nyumba za Iowa ni walewale wanaopumzika kwenye nyaya za umeme Mwanza mwezi wa Desemba. Ni spishi moja, Hirundo rustica, lakini wa Mwanza wametoka Ulaya na Asia, na wa Iowa huenda Amerika ya Kati na Kusini.

Limebaki suala la manyoya. Aliyewakataza wanao alifuata sheria ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wanaohama, iliyopitishwa wakati manyoya yalipokuwa yakiuzwa kwa wingi kupamba kofia za wanawake na aina kadhaa zilikuwa zinakwisha. Sheria hiyo inakataza kumiliki unyoya, yai au kiota cha karibu ndege wote wa asili wa Marekani bila kibali, hata kama umeuokota chini, kwa sababu ofisa hana njia ya kujua unyoya ulioanguka wenyewe na ule uliotolewa kwa ndege aliyeuawa. Kwa ndege wa nyasi ulinzi hauna mzaha: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba tangu 1970 Amerika Kaskazini imepoteza zaidi ya nusu yao, ndege wanaozidi milioni 700, hasa kwa prairi na malisho kugeuzwa mashamba, kwa viuadudu, na kwa majani ya mifugo kufyekwa mwezi wa Juni mayai yakiwa bado kiotani. Watoto wanaweza kuupiga picha unyoya pale ulipo, au kuuchora, kisha wauache. Wa kuku wa nyumbani hauna sheria, na vilevile wa fesanti anayewindwa kihalali hapo Iowa, kwa kuwa ni ndege wa Asia aliyeletwa na watu.